MAONI YETU: Mafuta ya breki yabadilishwe kwa tarehe

Mwulize mwenye gari lini alibadilisha oili ya injini. Atafungua boneti akuonyeshe kikadi kilichoandikwa kilomita za siku ile na kilomita za kurudi gereji. Mwulize lini alibadilisha mafuta ya breki. Atakwambia yapo, fundi huyaangalia, yakipungua anaongeza. Hapo hajajibu ulichouliza. Kuongeza kunaleta kimo tu ndani ya kikopo; mafuta machakavu yanabaki palepale yalipo, chini kwenye magurudumu, penye moto.

Msimamo wetu ni huu: mafuta ya breki ya gari dogo yabadilishwe yote kila baada ya miaka 2, yawe meusi au meupe, gari liwe limetembea au limelala. Pale kitabu cha gari kinapotaja muda mfupi zaidi, kifuatwe kitabu. Gari linalobeba abiria kila siku, au linaloshuka milima na mzigo, lisipitishe mwaka 1. Na mwenye gari asiyejua yalibadilishwa lini mara ya mwisho ahesabu kwamba muda umeshapita.

Hatusemi hivi kwa kupenda kuwatia watu gharama. Tunasema kwa sababu ya namna mafuta haya yalivyo. Dereva akikanyaga breki, masta silinda inasukuma mafuta kwenye mabomba membamba hadi kwenye magurudumu. Huko pistoni zinabana pedi kwenye diski, au zinasukuma breki shuu kwenye ngoma. Nguvu ya mguu inafika salama kwa kuwa kimiminika hakibonyei. Mvuke na hewa vinabonyea. Mvuke ukiingia kwenye bomba, mguu unaubana mvuke badala ya kuzibana pedi, na kanyagio linakwenda mpaka sakafuni huku gari likiendelea na safari yake.

Mvuke huo unatoka wapi? Mafuta ya breki ya magari mengi, licha ya jina, hayana ujamaa na oili ya injini. Yametengenezwa kwa kemikali za jamii ya glaikoli, na tabia yake ni kufyonza unyevu. Unyevu unapenya kidogo kidogo kupitia kuta za mipira ya breki na kitundu cha kupumulia kwenye mfuniko wa kikopo. Tabia hiyo ina faida yake, maana kama maji yasingechanganyika na mafuta yangejikusanya sehemu moja yakala chuma, kisha yakachemka kwenye nyuzi 100. Lakini mafuta yenye maji huchemka mapema kuliko mafuta makavu, na maji hayo yakishaingia hayatoki mpaka mafuta yenyewe yatolewe. Gari lililoegeshwa Tanga, Mombasa au Zanzibar linaendelea kufyonza hata kama halijawashwa mwezi mzima. Ndiyo sababu kipimo cha kwanza hapa ni kalenda, kisha ndipo zije kilomita.

Tarakimu zenyewe zinajieleza. Kwa viwango vya Idara ya Usafirishaji ya Marekani, ambavyo ndivyo vimetoa herufi DOT tunazoziona kwenye chupa, mafuta mapya ya DOT 3 hayatakiwi kuchemka chini ya nyuzi 205 za Selsiasi. Yakishafyonza maji kiasi cha asilimia 3.7 hivi, kiwango kinachoruhusiwa kinashuka hadi nyuzi 140. DOT 4 huanzia 230 ikashuka hadi 155. DOT 5.1 huanzia 260 ikashuka hadi 180. Asilimia 3.7 inaonekana ndogo, lakini kwa DOT 3 imeondoa nyuzi 65, na sehemu kubwa ya hasara hiyo hutokea mapema, maji yanapoanza tu kuingia.

Sasa ipime barabara ya Mombo kwenda Lushoto. Mji wa Lushoto uko kwenye kimo cha mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Mombo iko chini yake kwa karibu mita 1,000, na katikati ni kilomita zisizofika 40, kona juu ya kona. Gari la kilo 1,500 likishuka kutoka juu hadi chini, nishati ya kimo linachokipoteza ingetosha kuchemsha ndoo mbili za lita 20 za maji. Kiasi fulani kinamezwa na upepo na matairi, na kingine na injini kama dereva ametia gia ndogo. Kinachobaki chote kinaishia kwenye diski na ngoma za magurudumu manne, na kutoka hapo sehemu yake inapita kwenye pistoni kuingia kwenye mafuta. Hapo ndipo nyuzi 205 na nyuzi 140 zinapoacha kuwa namba za kitabuni. Anayeshuka Kitonga na Noah iliyojaa abiria na mizigo, au anayeteremka Mai Mahiu kuingia Bonde la Ufa, anafanya hesabu hiyohiyo, ajue asijue.

Msomaji atatuuliza: mbona gari langu lina miaka minane sijagusa hayo mafuta, na linasimama? Linasimama kwa sababu halijadaiwa. Kutoka Mbezi kwenda Posta, breki inakanyagwa, inapoa kwenye foleni, inakanyagwa tena. Mafuta hayakaribii kuchemka. Mwenye gari anajipa moyo kwa miaka, mpaka mwezi wa kumi na mbili unapofika na familia inapakiwa kwenda kijijini mlimani. Siku hiyo gari limebeba uzito ambao halijawahi kubeba, kwenye mteremko ambao halijawahi kuushuka, na mafuta yake yamefyonza unyevu wa miaka yote minane.

Kuna ubaya mwingine unaofanya jambo hili lisisemwe sana. Breki ikipoa, mvuke unarudi kuwa kimiminika na kanyagio linakuwa gumu kama kawaida. Mkaguzi akifika baada ya saa mbili anakuta breki inashika. Dereva anasema breki zilikataa, hakuna anayemwamini, na taarifa inaandikwa mwendokasi. Huenda kweli alikuwa na mwendokasi. Huenda pia alisema kweli.

Tuwe waadilifu: si kila breki inayokataa mlimani imekataa kwa sababu ya mafuta. Malori makubwa na mabasi makubwa hutumia breki za upepo, na humo habari ni nyingine kabisa. Hata kwenye gari dogo, pedi zenyewe zinaweza kuunguzwa na joto zikapoteza mshiko. Dalili ni tofauti: pedi zikichoka kwa joto, kanyagio linabaki gumu ila gari halipungui mwendo, mafuta yakichemka, kanyagio linazama. Na mafuta mapya kabisa hayamwokoi dereva anayeshuka na gia ya nyutro ili abane petroli, wala anayepakia watu kumi na wawili kwenye gari la watu wanane. Gia ndogo kwenye mteremko bado ni lazima. Mafuta mapya yanampa dereva mwenye akili zake nafasi aliyolipia. Hayampi mzembe ruhusa.

Pamoja na hayo, hili la mafuta ndilo rahisi kuliko yote kurekebisha, na ndilo linaloachwa. Linaachwa kwa sababu halina anayelidai.

Fundi halidai kwa kuwa mteja hakuomba. Anafungua boneti, anaona kimo kimeshuka, anamimina. "Bosi, breki fluidi ilikuwa chini kidogo, nimekuongezea." Bosi anashukuru. Kumbe kimo kikishuka kuna mambo mawili tu yaliyotokea: ama pedi zimelika na pistoni zimetoka nje zaidi, ama kuna mahali panavuja. Yote mawili yanahitaji kuangaliwa. Kuongeza bila kuangalia kunaficha dalili. Tena pedi mpya zikija kufungwa na pistoni zikarudishwa ndani, mafuta yaliyoongezwa yanafurika nje ya kikopo na kubabua rangi ya gari.

Mwenye yadi ya magari halidai kwa kuwa gari likiuzwa limeuzwa. Gari la mtumba kutoka Japani lilikuwa na utaratibu huko kwao. Baada ya ukaguzi wa kwanza linapofikisha miaka 3, gari dogo la binafsi hukaguliwa kila miaka 2, na gereji nyingi hutumia nafasi hiyohiyo kubadilisha mafuta ya breki. Likishauzwa utaratibu unakatika. Linakaa uwanjani, linapanda meli, linavuka bahari, linakaa bandarini, linakaa yadi. Mnunuzi anabadilisha oili ya injini siku ya pili, anaweka redio na vioo vyeusi. Mafuta ya breki anayarithi na unyevu wake.

Mkaguzi naye halidai kwa kuwa vipimo vyetu vya breki hufanywa breki ikiwa baridi. Gari linapandishwa kwenye mashine, au linakimbizwa kidogo na kusimamishwa, na likisimama limefaulu. Kipimo cha namna hiyo kinatuambia hali ya pedi na mabomba. Hakituambii mafuta yatafanya nini yakifika nyuzi 150.

Rangi nayo isitudanganye. Mafuta yaliyokolea weusi ni machafu na yatolewe bila mjadala, lakini yanayong'aa yanaweza kuwa yamejaa maji, maana maji hayana rangi. Kipo kifaa kidogo chenye umbo la kalamu ambacho fundi hukichovya kwenye kikopo kikawasha taa ya kijani au nyekundu. Kinasaidia, ila kinakadiria tu, na kinapima mafuta ya juu, yaleyale yaliyoongezwa wiki iliyopita. Kipimo cha kuaminika ni kile kinachoyachemsha mafuta yenyewe na kusoma nyuzi. Gereji isiyo nacho ina kalenda, na kalenda inatosha.

Kazi yenyewe haitishi. Anza kwa kusoma mfuniko wa kikopo na kitabu cha gari. Ukikuta DOT 3, weka DOT 3, au DOT 4 kama kitabu kinaruhusu. Magari mengi yaliyotengenezewa soko la Japani huandikwa BF-3, na hiyo ndiyo DOT 3 kwa lugha ya huko. Palipoandikwa DOT 4 usishuke kwenda 3. DOT 5 tupu, isiyo na nukta moja, ni ya silikoni. Haichanganyiki na hizi nyingine na si ya gari lako la kawaida. Halafu lishikwe hili: oili ya injini, oili ya giaboksi (ATF) au mafuta ya usukani hayaingii kwenye kikopo cha breki hata tone. Yanavimbisha mipira ya ndani ya mfumo mzima, na hapo utanunua masta silinda, siyo chupa ya mafuta.

Gari dogo litamaliza kiasi cha lita 1 au pungufu. Chupa ifunguliwe mbele yako, lakiri yake ikiwa nzima. Fundi akitoa chupa iliyofunguliwa mwezi jana, ikakaa rafu ya dirishani na kifuniko kilicholegea, mkatalie kwa adabu: hayo nayo yamekuwa yakifyonza unyevu wa gereji. Kwa sababu hiyohiyo, nunua chupa ndogo zinazotosha kazi moja, kwenye duka linalojulikana, na kinachobaki usikitunze kwa ajili ya mwaka ujao.

Gari lisimame mahali tambarare, magurudumu yakingwe. Mafuta ya zamani yanyonywe kwenye kikopo kwa bomba la sindano, kikopo kifutwe, mafuta mapya yajazwe. Kisha waingie watu wawili, mmoja kwenye kanyagio, mmoja kwenye gurudumu. Kwa kawaida huanzwa na gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda, ambalo kwa magari yetu ya usukani wa kulia ni la nyuma kushoto. Lakini kitabu kikisema mpangilio mwingine, kifuatwe. Mpira mwembamba unaoonyesha ndani unavishwa kwenye skrubu ya kutolea upepo, ncha yake ya pili ikizama kwenye chupa yenye mafuta kidogo. Wa juu anakanyaga na kushikilia. Wa chini anafungua skrubu, mafuta yanatoka, anaifunga. Hapo ndipo wa juu anaachia mguu. Akiachia kabla skrubu haijafungwa, mfumo unavuta hewa na kazi inaanza upya. Wanarudia mpaka yatoke mafuta masafi yasiyo na mapovu, kisha wanahamia gurudumu lingine.

Mambo matatu huharibu kazi hii. La kwanza ni kusahau kikopo: kimo kikishuka chini ya alama ya MIN hewa inaingia kutoka juu. La pili ni kukanyaga mpaka mwisho kwenye gari kuukuu. Sehemu ya mwisho ya masta silinda huwa na kutu, na mipira ikipita pale inachanika, basi kiwekwe kipande cha ubao chini ya kanyagio. La tatu ni skrubu zilizoshikana kwa kutu kwa kuwa hazijafunguliwa tangu kiwandani. Zipuliziwe dawa ya kulegeza kutu mapema na zisilazimishwe. Mafundi wengi wanaokwambia kazi hii haina maana wanaogopa kuvunja skrubu hizo, na skrubu zinazofunguliwa kila miaka 2 hazishikani.

Magari mengine yasiguswe kienyeji. Haibridi kama Prius na Aqua zina breki zinazoendeshwa kwa kompyuta, na kutoa upepo kwake kunahitaji mashine ya kusoma na kuamuru gari. Kwa baadhi ya magari yenye ABS, hewa ikishaingia kwenye moduli yake haitoki bila mashine hiyo. Kama fundi wako hanayo, tafuta aliye nayo.

Mafuta yaliyotolewa ni sumu. Yasimwagwe mtaroni, wala yasiwekwe kwenye chupa ya soda bila alama mahali mtoto anapofika. Yakidondokea rangi ya gari yamwagiwe maji mengi mara moja. Na kabla gari halijatoka gereji, kanyagio likanyagwe mpaka liwe gumu, kila skrubu ikaguliwe kama inavuja, kisha breki ijaribiwe kwa mwendo mdogo.

Atakayekutwa na kanyagio linalozama akiwa tayari mlimani, mafuta mapya yako mbali naye. Apampu kanyagio haraka haraka, ashushe gia, avute breki ya mkono polepole, maana kwenye magari mengi hiyo inavutwa kwa waya na haitegemei mafuta. Akisimama, angoje magurudumu yapoe bila kuyamwagia maji. Kanyagio likirudi kuwa gumu asiliamini. Ashuke kilichobaki kwa gia ya kwanza mpaka gereji ya karibu.

Tunadai nini, basi? Gereji ziandike kubadilisha mafuta ya breki kama kazi yenye jina lake na bei yake kwenye orodha, na tarehe ibandikwe ndani ya boneti. Wenye yadi wayabadilishe kabla ya kukabidhi gari, au wamwambie mnunuzi wazi kwamba hayajabadilishwa. Waajiri wenye magari ya kazi, pamoja na ofisi za umma, wayaweke kwenye ratiba ya matengenezo badala ya kungoja dereva alalamike.

Dai letu kubwa linawahusu wanaobeba abiria kwa nauli. LATRA na Kikosi cha Usalama Barabarani hapa Tanzania, na NTSA kwa wenzetu wa Kenya, waweke sharti jepesi kwa Hiace, Coaster na magari mengine yenye breki za mafuta: hakuna kupita ukaguzi bila kipimo cha kuchemka kwa mafuta, au risiti ya kubadilisha isiyozidi mwaka 1. Kifaa chake kinabebeka mkononi na kipimo chake ni cha dakika chache. Mwenye daladala atanung'unika. Anung'unike akiwa ameshika risiti.

Wapo watakaotujibu kwamba ajali haina kinga. Zipo za namna hiyo. Hii ya mafuta kuchemka ina kinga inayouzwa kwenye kila duka la spea kwa pesa isiyofika tangi moja la petroli, na kazi yake huisha kabla ya chakula cha mchana. Kama unapanga safari ya mlimani na hujui lini mafuta ya breki ya gari lako yalibadilishwa, usipange tarehe ya kuondoka kabla ya kupanga siku ya gereji.